Jina Lililoitikiwa Mapema

"Abee, mama."

Sauti ilitoka chumbani saa nane mchana, na chumbani hakukuwa na mtu. Mwalimu alikuwa jikoni, mimba yake ya kwanza imefika miezi minane, akiliita jina la mtoto ambaye hajazaliwa.

Tusimcheke. Yeye na mumewe, mchora mabango, walikuwa wamehangaika na jina hilo miezi mitatu. Mume alitaka jina ambalo hakuna mwingine duniani analo. Kila jioni alikuja na jipya, ameliandika kwa brashi kwenye kipande cha bati walione likikaa ukutani. Mke alifundisha darasa la tatu na aliwajua watoto nje ndani, akayakata moja baada ya jingine.

"Hili watalifanya la mbuzi kabla ya mapumziko."

"Na hili?"

"Hili watalifupisha, mtoto arudi nyumbani analia. Lete lingine."

Mwishowe likapatikana moja lisilofupishika wala kuzaa utani. Silitaji hapa, na mtaona kwa nini. Wakaanza kulijaribu, mume akiliita kutoka getini, mke kutoka jikoni, mara kwa hasira, mara kwa kubembeleza, wajue litasikikaje. Siku ya tano ndipo likaitikiwa.

"Ni redio ya jirani," mume alisema, lakini chumbani hakuingia.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Shida ilikuwa kumwita. Kila lilipotamkwa jina lile, nyayo ndogo zilikuja mbio kutoka chumbani, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebuleni, na mtoto, aliyekuwa akinyonya vizuri tu, akaliachia ziwa, mikono ikampoa, akawa anatazama nyuma ya bega la mama yake bila kupepesa, mpaka nyayo zirudi zilikotoka. Kila wiki alipungua uzito. Mwalimu alikuwa anampoteza mwanawe, na alilijua hilo.

Mama mkwe akamleta mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi.

"Mlianza kumwita lini?" mganga aliuliza.

"Kabla hajazaliwa," mwalimu alinong'ona.

"Basi mliita, na aliyekuwepo akaitika. Jina ni lake sasa. Msilitamke tena. Mtoto mpeni la kawaida."

"La kawaida kabisa?" mchora mabango aliuliza, uso umemshuka.

"Ambalo mtaa mzima wanalo. Ukiliita, waitike kumi."

Akafukiza chumba, akaondoka na vipande vyote vya bati vilivyoandikwa majina. Mtoto akapewa jina la bibi yake, akanenepa, na kwa miezi minane nyumba ikatulia.

Kisha, asubuhi moja ya likizo, mwalimu alikuwa anakunja nguo na mtoto anatambaa sakafuni, mlango wa chumbani ukafunguka kidogo na sauti ikanong'ona, kwa upole kabisa, "Wangu. Njoo, Wangu," na mtoto akacheka, akageuka, akatambaa kuelekea mlangoni kama anayeitwa kila siku, na mama yake akaita jina la bibi mara moja, mara mbili, mara tatu, asigeuke, kana kwamba anaitwa mtoto wa jirani, na mwalimu yuko mbali asiweze kumwahi, na mkono mdogo umeshagusa kizingiti.

"Wangu!" mwalimu alipiga kelele.

Mtoto akaacha kutambaa. Akatazama chumbani, akamtazama mama yake.

"Njoo kwa mama, Wangu."

Akakawia. Halafu akaja.

Tangu siku hiyo jina la bibi limebaki kwenye kadi ya kliniki tu. Majirani wamelipenda hilo la utani.

"Jamani, jina tamu! Nani alimpa?"

"Mimi," mwalimu hujibu, kwa sauti ya kufika chumbani.