Sheria Yenye Jina la Peio

Maialen alikuwa jikoni, akimenya vitunguu saumu. Wachungaji kumi na wawili walikuwa wameshuka mjini, na njaa ya mlimani haina adabu. Binti yake Kattalin, mwenye miaka miwili, aligonga sufuria kwa kijiko chini ya meza. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi katika nyumba ya wageni ya Mzee Anton, huko Nevada, Marekani, mwaka 1955. Wabaski wote wa mji ule, wahamiaji kutoka milima ya mpakani mwa Hispania na Ufaransa, walikula pale, kwenye meza moja ndefu.

Siku hiyo Peio, mume wa Maialen, alikuwa ameshuka kuchukua chumvi ya kondoo. Maialen alikung'uta gunia lake la zamani ili alifue. Ikaanguka bahasha.

"Peio, hii nini?"

"Karatasi tu, mke wangu."

"Karatasi tu yenye muhuri?"

Kiingereza cha Maialen kilikuwa cha darasa la jioni, lakini kilitosha. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Peio aliingia nchini bila kibali. Alitoroka meli San Francisco mwaka 1947. Aondoke kabla ya tarehe thelathini Julai.

"Imekuja lini hii?"

"Mwezi wa nne."

"Na leo ni mwezi wa sita! Ulikuwa unaitunzia nini, iote?"

Peio akainamisha kichwa. "Nitapandisha kondoo juu zaidi. Mlima ni mpana."

"Kweli kabisa!" wachungaji wakadakia mezani. Kwao ndiyo dawa ya kila balaa, kupanda juu zaidi.

Maialen hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda mahakamani kwa Graxi Uhalde. Graxi alikuwa karani pale, na jioni alikuwa mwalimu wake. Mama Graxi alisoma barua mara mbili.

"Mlima haujibu barua, mwanangu," alisema. "Mmeshamwona wakili?"

"Nimepitia kwake njiani. Anasema sheria zilizopo hazina nafasi ya Peio. Hata mtoto kuzaliwa hapa hakumsaidii."

"Basi imebaki njia moja, nayo ni nyembamba. Mbunge wetu anaweza kupeleka muswada wa mtu mmoja."

"Wa mtu mmoja?"

"Sheria nyingi ni za watu wote. Hii ni ya yule tu ambaye sheria ya wote imemkwaza, na mlango mwingine hana. Juu pale huandikwa: 'Kwa ajili ya nafuu ya Peio Irigarai.'"

Maialen alicheka huku machozi yakimtoka. "Bunge zima? Kwa mchunga kondoo?"

"Kwa mchunga kondoo. Lakini sikiliza vizuri. Hili ni ombi, si haki ya kudai. Kamati hulichunguza kwanza. Kisha mabaraza yote mawili ya Bunge yakubali, na Rais atie sahihi. Bunge likimaliza muda wake kabla muswada haujapita, unakufa, mnaanza upya. Mingi hukwama njiani."

"Na tarehe thelathini?"

"Kamati ikiomba taarifa kwa watu wa uhamiaji, kwa kawaida huwa wanasubiri. Kwa hiyo kaa hapa tuandike sasa hivi. Na ukweli mtupu. Alitoroka meli, tuseme alitoroka."

Jioni Mzee Anton aliposikia, alipiga meza kwa furaha. "Tumpelekee mbunge mwanakondoo! Yule mnono!"

"Ukimpelekea hata ukwato wake, umemponza Peio," alisema Graxi. "Mbunge ni mtumishi wako, Anton. Mpe barua, kondoo mle wenyewe."

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mbunge alikuwa tayari. Ila alitaka ushahidi kwamba Peio ni mtu mwema, na kwamba ameishi hapa miaka yote minane. Padri aliandika barua. Mwenye duka aliandika. Lakini hao walimjua tangu aoe tu. Tajiri wake wa kwanza alikuwa amekufa, na madaftari yake yaliungua na ghala.

"Miaka ile nani alikuona?" Graxi alimuuliza.

"Kondoo."

"Kondoo hawaapi mahakamani."

Maialen alikuwa akikoroga maharage. Ghafla mwiko ukasimama.

"Peio! Huko juu, si mnachonga majina kwenye miti?"

"Kila mchungaji huchonga. Ni upweke tu."

"Na mwaka, mnauchonga?"

Peio alimtazama. Kisha akaruka, benchi likaanguka na mchungaji mmoja juu yake.

Alfajiri walipanda na gari la Mzee Anton, pamoja na Graxi, kamera, na bwana misitu wa eneo lile. Miti ya magome meupe ilisimama kama watu waliovaa kanzu. Peio akatangulia mbio.

"Huu hapa! 1947!"

Bwana misitu alipapasa herufi. Zilikuwa nyeusi, zimevimba. "Mchongo mpya ni uzi mwembamba," alisema. "Kovu kama hili ni la miaka. Haliwezi kughushiwa juzi. Nitatia sahihi."

1948. 1949. 1950. Kila mara Maialen alipiga kelele kama mtoto. 1952, 1953, 1954. Lakini 1951 haukuonekana. Walitafuta hadi adhuhuri. Peio alisema labda waache.

"Tuache kwa nini?" Maialen alimshuku. Akapita nyuma ya mwamba. Ulikuwepo: PEIO IRIGARAI 1951. Kando yake palichongwa mwanamke mwenye nyonga pana kuliko mti wenyewe.

"Na huyu nani?"

Peio alikuna shingo. "Ni... wewe."

"Mwaka 1951 tulikuwa hatujaonana!"

"Nilikuwa nabahatisha."

Graxi alicheka hadi akakaa chini. Bwana misitu akakohoa, akaandika: mwaka upo.

Picha zilitumwa. Tarehe ishirini na nane Julai barua ilifika: kamati imeupokea muswada, Peio asubiri nyumbani. Asubiri! Maialen aliibusu barua, akambusu karani wa posta. Walingoja mwaka mzima, wakijibu kila barua siku ileile.

Julai iliyofuata, simu ya maandishi ililetwa katikati ya chakula. Maialen alisimama kwenye benchi, akasoma kwa sauti, bila kidole: mabaraza yote mawili yamekubali, Rais ametia sahihi. Kofia zikaruka hadi darini. Mzee Anton alimchinja yule mwanakondoo mnono, sasa kondoo mkubwa, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Wiki hiyo Peio aliwapeleka mkewe na bintiye mlimani. Alichagua mti mpya, akachonga majina matatu na mwaka 1956.

"Si umchore na yule mwanamke," Maialen alimtania.

Peio alimpima kwa jicho moja, kisu mkononi.

"Leo," alisema, "sibahatishi."