Kadi ya Kuazima

Kila asubuhi Shekinah aliamshwa na kikohozi cha mama yake. Alipika uji, akanywa peke yake, kisha akatembea hadi shuleni. Katika mitaa ya Yeoville, kitongoji chao cha wahamiaji, watoto wengine walipita wawili wawili wakicheka. Yeye alikuwa ameacha kuwakaribisha rafiki zake nyumbani, wasije wakasikia. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na siri hiyo ilimlemea.

Mama yake, Clémentine, msusi kutoka Bukavu, alikuwa amekonda hata magauni yakampwaya. Alikuwa amekwenda kliniki mara moja tu. Mlinzi wa getini alimdai makaratasi ya ukaazi, na kwa kuwa hakuwa nayo, akamrudisha.

Katika jengo lao majirani waliazimana kila kitu: sufuria, pasi, hata viti vya msibani. Basi Bi Tabia wa Tanga, jirani wa chumba cha pili, akamwazima Clémentine kadi yake ya kliniki.

"Chukua, shoga yangu. Wiki hii siihitaji."

Jumanne wakakaa kwenye benchi la kliniki. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo Shekinah ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Usiseme kitu ingine," mama alinong'ona. "Wakiuliza, jibu ndiyo tu. Minaogopa watatufukuza."

"Tabia!" muuguzi aliita, na mama akainuka. Shekinah aliona uchungu. Ilikuwa kama mama yake mwenyewe hayupo pale.

Muuguzi, mtu mzima ambaye wote walimwita Sista, alisoma faili. "Mwezi uliopita ulipimwa kifua kikuu, ukakutwa huna. Basi hiki ni kikohozi cha baridi tu. Nitakupa dawa ya maji, uende nyumbani."

Shekinah alishtuka. Aliyepimwa ni Bi Tabia! Akisema kweli, pengine watafukuzwa. Akinyamaza, mama atarudi na chupa ya dawa na kuzidi kukonda. Alitazama huku na huku. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

"Sista," akasema, "huyu siye Tabia. Ni mama yangu, Clémentine. Hajapimwa kamwe."

Mama alisikia jina lake, akaelewa. Akageuza uso ukutani.

Sista hakugomba wala hakudai makaratasi. Alifunga faili ile, akafungua mpya kwa jina la Clémentine, akampa kikopo cha kutemea makohozi ya kupimwa.

Njia nzima mama alitangulia hatua kadhaa mbele. Hata walipongoja kwenye robot, taa za barabarani, ili wavuke, hakumshika mkono. Shekinah hakuwahi kujiona mpweke kiasi kile.

Majibu yalipotoka, mama alikuwa na kifua kikuu. Akaanza vidonge vya miezi sita. Shekinah naye alipimwa, akakutwa mzima.

Bi Tabia aliporudishiwa kadi yake na kuelezwa yote, alishika kichwa.

"Eish! Kosa ni langu pia. Sufuria huazimwa, lakini ugonjwa hutibiwa kwa jina la mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mlinzi yule alikukosea, Mama Shekinah, lakini dawa ya kukosewa siyo kujificha. Siku nyingine niite, tumkabili pamoja. Na huyu mtoto mshukuru. Amekuokoa kwa kusema kweli."

Mama aliinamisha kichwa.

Mwezi uliofuata walikaa tena kwenye benchi lile.

"Clémentine!" Sista aliita.

Mama akamshika Shekinah mkono.

"Tuende, mwanangu," akasema. "Ni mie wanaita."