Swali Lililoondolewa kwenye Kipimahaki

Kipimahaki kilifunga milango yote ya Dodoma kabla muadhini hajamaliza adhana ya alasiri. Homa mpya ilikuwa imeingia mjini, na mtambo huo wa kupima haki za raia kwa mujibu wa katiba haukumngoja mbunge wala hakimu. Ulijiuliza tu: je, sheria inaruhusu kizuizi hiki? Je, kina manufaa kwa umma? Jibu likiwa ndiyo, kufuli zikajifunga zenyewe.

Dokta Saumu Mkwizu, mhandisi aliyeusuka ubongo wa mtambo huo, alikuwa ofisini akipokea pongezi kwa kazi hiyo, wakati kaka yake alipompigia simu.

"Mama ametutoka, Saumu. Si homa, moyo tu. Gari lisilo na dereva limeshamchukua. Wafu wote sasa wanazikwa pamoja, bila kuoshwa."

Bila kuoshwa! Mama yao, Bi Mwantumu, ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa. Mwanamke akifa mtaani kwao Chang'ombe, yeye ndiye aliyeitwa kwanza, na hakuwahi kukataa, hata kwa waliomsema vibaya.

Saumu aliugeukia mtambo. "Naomba nimwoshe mama yangu. Peke yangu, na suti ya kinga. Kisha nifungie ndani mpaka uridhike kwamba sina homa."

"Pole kwa msiba," Kipimahaki kilijibu, kwa sauti ya upole aliyoichagua Saumu mwenyewe. "Haki ya ibada inaweza kuwekewa mipaka kwa ajili ya afya ya umma. Ombi limekataliwa."

"Si nimekuonyesha njia nyepesi zaidi?"

"Sikufundishwa kulipima hilo."

Saumu alijua kwa nini. Katiba ilidai na swali la tatu: je, hakuna njia nyingine isiyomuumiza raia kiasi hiki? Swali hilo liliuchelewesha mtambo, maana karibu kila mara njia ilipatikana. Wakubwa walitaka kasi siku ya kuuonyesha mtambo kwa umma. Saumu akaliondoa, akijiambia atalirudisha baadaye, nao wakamvisha nishani.

"Wewe si ndiye mwenye mtambo?" kaka yake, aliyekuwa bado simuni, alisema. "Waambie wafungue, basi."

"Hausikii mtu, kaka. Ndivyo nilivyoutengeneza."

"Hata kwa mama?"

Saumu alikata simu. Alikaa sakafuni akalia kwa uchungu na kwa aibu.

Bi Mwantumu alizikwa na mashine, ndani ya mfuko wa plastiki, na nguo alizofia. Jioni Kipimahaki kikamtumia Saumu ujumbe wa kumshukuru kwa kutii sheria.