Kombe la Mwaka 2061

Kisomamfupa hakikuhitaji damu wala mate ya mtu. Kilipewa mkanda wa mechi ya zamani, hata uliofifia, kikatazama jinsi goti linavyopokea uzito na mguu unavyonyooka baada ya shuti, kisha kikataja umri wa mchezaji siku ile. Kikikosea, ni kwa siku kumi na moja tu. Mfupa wa mtoto una gegedu laini kwenye ncha zake, wa mtu mzima umekwisha kufunga, na tofauti hiyo huonekana katika mwendo hata mtu avae jezi ya nani.

Aliyekiunda ni Mhandisi Kabula Maganga, na asubuhi ile ya mwaka 2108 alikuwa amebakiza mkanda mmoja. Mataifa yalikuwa yamekubaliana kusafisha rekodi za mashindano ya vijana chini ya miaka kumi na saba. Nchi itakayotuma rekodi ya kweli kabla ya saa nne asubuhi hiyo ingecheza fainali za mwaka huo. Itakayoficha, vijana wake wangefungiwa miaka kumi.

Rekodi ya nchi hii haikuwa ya kumchosha msomaji. Vijana walikwenda fainali mara kumi na moja, na mara kumi walirudi nyumbani kabla hata nguo za safari hazijachafuka. Mara moja tu, mwaka 2061, walibeba kombe, kwa bao la dakika ya themanini na nane. Bao hilo lina sanamu, lina mtaa, na lina ukurasa wake katika kitabu cha darasa la nne. Mfungaji ni Maganga Luhende, baba yake Kabula.

"Mchezaji namba tisa," kilisema kisomamfupa kwa sauti yake ya upole, "miaka kumi na tisa na miezi minne."

Kabula alirudisha mkanda mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile, naye vipimo alivipanga kwa mkono wake, hakuwa na wa kumlaumu. Alibeba kibao chake cha kazi, akapanda gari la angani, na saa mbili na nusu alikuwa uani kwa baba yake, mzee akipeta mchele.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekonda, mwanangu. Huko maabara hamli?"

"Baba, mashine inasema mwaka ule ulikuwa na miaka kumi na tisa."

Mzee aliweka ungo chini. "Imechelewa," alisema. "Nilidhani itanikuta kaburini. Cheti cha kuzaliwa nilichochezea ni cha mdogo wangu. Maganga ni yeye. Mimi ni Shigela."

Akaeleza bila haraka. Yeye alizaliwa nyumbani, msimu wa mavuno, hakuandikwa popote. Mdogo wake alizaliwa zahanati, akapata cheti. Mwaka 2060 homa ya uti wa mgongo ilimchukua Maganga siku ya Jumatatu. Alhamisi walikuwa wanakuja wasaka vipaji, na walitaka watoto wenye vyeti. Mama yao akafungua sanduku, akampa Shigela cheti cha marehemu. Maganga alizikwa alfajiri, kimya kimya, na matanga hayakuwekwa, maana habari za matanga zingewafikia wasaka vipaji. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kikafunga mdomo, kijana wao akachezee taifa.

"Na ukawa unaitika jina lake siku zote!" Kabula alisema. Hasira ilimpanda, kwani hata yeye alikuwa akilibeba jina la mtoto aliyekufa.

"Mwanzoni nilichelewa kuitika. Makocha wakadhani nina kiburi."

"Nikituma, kombe linaondoka. Sanamu wataing'oa."

"Usipotuma?"

"Vijana wa sasa hawachezi."

"Hao umri wao ni wa kweli?"

"Wa kweli. Nimewapima mmoja mmoja."

"Basi tuma."

Kibao kiliuliza jina sahihi la mchezaji. Kabula akaandika: Shigela Luhende. Kikauliza mwenye cheti yuko wapi. Akamgeukia baba yake.

"Andika amefariki," mzee alisema, akataja tarehe, na saa, na upande wa kitanda aliolalia. "Hakuna aliyewahi kukiandika kifo chake. Cheti chake tulikuwa bado tunakihitaji."

Saa nne kasoro dakika sita rekodi ilikwenda. Mzee Shigela akafunika uso kwa viganja vyote viwili, akaanza kulia kwa sauti. Kabula akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika uani, akamketisha.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wake wa kazi, anafoka: "Kabula! Kombe limefutika! Njoo ofisini sasa hivi!"

"Siwezi kuja, mama. Nimefiwa."

Sauti ya upande wa pili ikashuka. "Oh, pole sana. Umefiwa na nani?"

"Baba yangu mdogo."

"Pole, mwanangu. Alikuwa mtu mzima sana?"

"Hapana," Kabula alisema. "Alikuwa na miaka kumi na minne."