Makofi ya Chumba cha Nyuma

Spika ya nyuma ya studio, upande wa kushoto, ilikuwa inapumua.

Fundi sauti, mama wa mtoto wa miezi kumi, akaizima. Ikaendelea kupumua.

Alikuwa akitengeneza sauti za filamu ya maonyesho ya majengo. Nyumba kuukuu ingeonekana ukutani, na spika sita zingemzunguka mtazamaji hadi ajione yumo ndani, mlango ukilia nyuma yake. Ili kujua kila chumba kinavyoitikia, siku chache kabla alikuwa amekwenda kwenye nyumba yenyewe na mwanawe, akasimama katikati ya kila chumba, akapiga makofi na kurekodi mwangwi.

Mtunza nyumba, bibi mmoja mpole, alimfungulia vyumba vyote. "Ila hiki cha nyuma usipige makofi, mwanangu. Wamo watoto wasio wa watu. Kila kofi linamwita mmoja, na akiitwa anakuja."

"Bibi nawe! Watanidai maziwa?"

"Cheka tu. Hebu nipe huyo mtoto nikubebee, umechoka."

Bibi akatoka naye uani akimwimbia. Mwanawe akibembelezwa huko nje, fundi akafunga mlango na kupiga makofi matatu.

Bibi alirudi na mtoto aliyelala begani, na kikombe cha chai. "Hukupiga?"

"Sikupiga, bibi."

Akainywa chai ile bila kumtazama usoni.

Na sasa, mchana kweupe studioni, akachomoa waya, na pumzi zikashuka kutoka kwenye spika hadi sakafuni, zikaanza kutambaa, viganja vidogo vikipiga zulia, pa, pa, pa, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda, ikazunguka kiti chake, mpaka kitu cha baridi kikamshika upindo wa gauni kama mwanawe anavyomshika akitaka kubebwa, na maziwa, Mungu wangu, maziwa yakamtoka yenyewe.

Alimpigia bibi simu akilia. Bibi akaja saa ile ile, na hakumgombeza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Ulipiga makofi mangapi?" alinong'ona bibi. "Nimwite kila aliyekuja, nimrudishe kwao."

Uso wa fundi ukawaka kwa aibu. "Moja tu, bibi. Lilinitoka."

"Basi, mama. Usilie."

Bibi akapiga kofi moja, akatandaza shuka sakafuni, akaikunja taratibu kama anayefunika mtoto, akaondoka nayo kifuani, mgongo ukimwinama kwa uzito. Studio ikanyamaza.

Njiani kwenda nyumbani fundi alitoa simu mara mbili ili aseme kweli. Mara mbili akairudisha mkobani. Nitamwambia kesho, alijisemea.

Jioni alimkalisha mwanawe mkekani, akampa vipande viwili vya mkate. Mtoto akatazama kulia, akacheka. Akatazama kushoto, akacheka. Kisha, kwa ukarimu wake wa kitoto, akanyoosha mikono yote miwili, huku na huku.

Vipande vyote viwili vikachukuliwa.