Shati la Crisanto

Mdogo wangu Crisanto ni mbishi tangu utotoni. Kazi yake ni kuwatembeza watalii kwenye magofu ya wahenga wetu, huku kwetu msituni Petén. Jumatatu moja aliteleza kwenye ngazi za piramidi, akaanguka mbele ya wageni wake.

Kwetu, mtu akianguka hivyo roho hubaki palepale kwa mshtuko. Lazima umwite kwa jina ndipo muondoke. Mimi nilikuwapo, nauza tamale za mahindi. Nikamnong'oneza, "Ngoja nikuite."

"Dada, usinitie aibu mbele ya watu," akasema, akijipangusa suruali.

Basi akarudi nyumbani mwili bila roho. Wiki nzima kakaa tu kitini, hali mwenyewe, hasemi. Bintiye akimpandia magotini, anamtazama kama mtoto wa jirani. Nilichoka kulisha jitu zima kwa kijiko. Na niliogopa kumzika, kwa sababu ya ubishi tu.

Nikachukua shati alilolivaa siku ile, maana roho hufuata jasho lake, nikaenda magofuni. Ilikuwa saa sita mchana, hapana mtu. Nikawasha ubani, nikapigapiga ngazi kwa shati. "Crisanto, twende nyumbani." Niliita mpaka koo likakauka. Hasira zikanipanda. Nikasema, "Mimi nimechoka bwana. Aliyepo na aje, twende zetu."

Shati likawa zito. Likalowa, na mvua haikunyesha.

Sikugeuka, hairuhusiwi. Nikatembea. Nyuma yangu majani yakakanyagwa. Hatua moja. Nyingine.

Nyumbani nikamvika Crisanto shati lile. Macho yakang'aa, akaomba chakula. Akala chapati saba za mahindi, akacheka. Nililia kwa furaha. Ila bintiye alijificha nyuma ya sketi yangu, akaninong'oneza, "Shangazi, baba yuko wapi?"

Nikamwambia aache upuuzi.

Juzi mlinzi wa magofu kaja mlangoni. Anasema kila saa sita mchana kuna mtu analia kwenye ngazi, haonekani.

"Analia nini?" nikauliza.

"Anasema, 'Dada, niite sasa. Sitaona aibu.'"

Nilitaka kwenda saa ileile. Lakini bila shati hawezi kunifuata, na huyu aliyemo ndani halivui. Nikiligusa, ananishika mkono, anatabasamu. Analala nalo. Leo wiki ya tatu, halijakauka.