Uzito wa Kuku Aliyekufa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asnath alimsaidia mama yake kupima kuku. Walikuwa kuku arobaini wa kienyeji, kila mmoja na pete yenye namba mguuni. Mama aliwaweka kwenye mizani na kusoma uzito, Asnath akaandika daftarini.

Mama Asnath, Editha, alikuwa afisa mifugo wa kata hapo Sepuka, na alikuwa akisomea shahada ya uzamili. Alichunguza jinsi kuku wanavyokua wakilishwa mashudu ya alizeti. Msimamizi wake, Profesa Urbano, alikuwa Morogoro. Mama alimtumia picha za daftari, na kila Jumamosi waliongea kwa simu ya video.

Jumapili moja mama alimwita Asnath. "Kesho naenda mafunzoni Singida Mjini, siku tatu. Utabaki na bibi. Nipimie kuku, usiruke hata mmoja."

"Sawa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Kesho yake, mama akiwa ameshaondoka na basi la alfajiri, Asnath aliingia bandani. Jogoo wa kwanza alimparura mkono. Nje wenzake walikuwa wakimwita wakacheze rede kabla ya shule. Akawamwagia kuku chakula, akaketi na daftari, akatazama uzito wa jana na kuongeza gramu chache kwa kila namba. Dakika kumi, kazi imekwisha! Jumanne na Jumatano akafanya vivyo hivyo.

Alhamisi mama alirudi amechoka. Alizipiga picha kurasa zile, akazituma bila kuzikagua. "Ahsante sana, mwanangu," alisema. Asnath alitabasamu, lakini moyo ulimsuta.

Jumamosi mama aliegemeza simu kwenye ndoo, pale uani mtandao unapokamata. Asnath alikuwa karibu, akichambua mlenda.

"Editha," profesa alianza, "Jumatatu alfajiri ulinitumia picha ya kuku namba kumi na saba. Alikuwa amekufa, sivyo?"

"Ndiyo, Profesa. Nilimkuta amekufa wakati natoka, nikamfukia upesi bila kumwamsha mtu."

"Mbona Jumatano ana kilo moja na robo? Kuku aliyekufa ananenepaje?"

Mama alifungua daftari. Kidole chake kilishuka taratibu ukurasani, kikasimama. Akamtazama binti yake mara moja tu. Asnath alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Miaka miwili nakusimamia," profesa aliendelea, "na sijawahi kukanyaga Sepuka. Banda silioni, naona namba zako tu. Nisipoziamini, siwezi kuipitisha tasnifu yako."

"Kosa ni langu, Profesa. Daftari ni langu. Naomba unisamehe."

Maneno hayo yalimuuma Asnath kuliko kiboko. Mama yake, aliyeheshimiwa na kata nzima, alikuwa ameinamisha kichwa kwa uongo wa mwingine. Asnath aliacha mboga, akasogea mbele ya simu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Asnath. Ni mimi niliyeandika, mama hakujua. Sikupima hata kuku mmoja. Nilikwenda kucheza."

"Siku ngapi? Sema kweli."

"Tatu. Siku nyingine zote mama alipima mwenyewe."

Profesa alishusha pumzi. "Editha, futa siku hizo. Eleza kwenye tasnifu kwamba kuku hawakupimwa, na kwa nini. Kisha pima wiki tatu zaidi. Mahafali ya mwaka huu yatakupita, utangoja ya mwakani."

Asnath alilia. Bibi alikuwa ameshawatangazia watu wote kanisani habari za mahafali hayo.

Kwa siku nyingi hakuweza kumtazama mama usoni, lakini kila asubuhi aliwahi bandani kabla ya kuitwa. Wiki ya tatu, kuku mmoja alitoroka vichakani. Walimtafuta wasimwone. Asnath alishika kalamu, akasita, kisha akaandika: "Namba thelathini, hakupimwa."

Mama alisoma, akamshika bega.

"Hapo umefanya kazi, mwanangu. Pengo la kweli halimdhuru mtu, ila namba moja ya uongo inatia doa hata zile za haki. Profesa yuko mbali, hana macho mengine ila sisi. Mtu akikuamini bila kukuona, mfanyie kana kwamba amesimama hapa."

"Nisamehe, mama," alisema Asnath, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile akainua macho.

"Nilishakusamehe. Haya, nishikie namba thelathini na moja."